Kitabu cha Wageni cha Maskati: Majina, Majabali na Kamera

Anayeingia bandari kongwe ya Maskati kwa mashua hukutana na ngome mbili kabla hajauona mji wenyewe. Upande wa mashariki ipo Al-Jalali, upande wa magharibi Al-Mirani, zote mbili zilizojengwa na Wareno katika miaka ya 1580, baada ya Waturuki kuushambulia mji na kuwatia hofu. Kila kitabu cha watalii huzieleza ngome hizo. Lakini jicho likiziacha kuta zake na kupanda majabali yanayoizunguka ghuba, hukuta maandishi: majina ya meli, yaliyopakwa rangi juu ya jiwe tupu kwa herufi kubwa za kusomeka kutoka majini. Mengine yamefifia hata yamebaki herufi mbili tatu. Mengine yamekaribiana mno, jina hili likilisukuma lile. Baadhi hutanguliwa na herufi HMS, ambazo kwa mtu wa pwani hazihitaji mkalimani: manowari ya mfalme wa Uingereza, au ya malkia, kutegemea mwaka.

Hiyo ilikuwa desturi ya bandari. Meli ya kigeni ikitia nanga Maskati, mabaharia wake walishuka na rangi na brashi wakaliacha jina la chombo chao juu ya mwamba. Desturi ilishika katika karne ya 19 na ikaendelea hadi karne ya 20 ilipokuwa imekwenda mbali. Watembezaji wa watalii husimulia kwamba hata Horatio Nelson, aliyekuwa kijana mdogo katika manowari Seahorse miaka ya 1770, alisimamia uandishi wa jina la chombo chake hapo. Ni hadithi tamu, nami sijengi hoja juu yake. Iliyo na maana zaidi kwangu ni kauli anayohusishwa nayo Sultani Said bin Taimur, aliyetawala tangu 1932 mpaka mwanawe alipompindua tarehe 23 Julai 1970, kwamba maandishi yale ndiyo kitabu chake cha wageni. Mtawala aliyekuwa akifunga milango ya mji usiku na kumtaka mpita njia abebe taa, aliyaacha majabali yake yaandikwe na kila baharia. Pengine ulikuwa mzaha wa mtu asiye na la kufanya. Kitabu cha wageni kwa kawaida hufunguliwa na mwenyeji, naye ndiye humpa mgeni kalamu. Hapa mgeni alikuja na kalamu yake, na mizinga yake pia.

Mimi niliyaona maandishi haya katika picha miaka mingi kabla ya kuyaona kwa macho. Picha yenyewe ni ya shangazi yangu. Aliwasili Maskati mwaka 1971, akitokea Mombasa kwa njia ya Bombay, na mtu fulani akampiga picha akiwa ndani ya mashua iliyokuwa ikiwatoa abiria melini na kuwaleta pwani. Amevaa buibui, kapakata kikapu, na nyuma ya bega lake la kushoto kuna jabali lenye herufi nyeupe. Ukingo wa picha umelikata jina, zimesalia herufi mbili za mwisho. Nyuma ya karatasi ameandika mwenyewe, kwa kalamu ya risasi na kwa herufi za Kiarabu, jina lake, neno Maskati na mwaka. Katika utoto wangu picha hiyo ilikuwa ukutani, na hakuna aliyewahi kuniuliza wala kunieleza habari za zile herufi mbili.

Nilizikumbuka nikiwa Ulaya, nikiandika tasnifu ya udaktari kuhusu mambo mengine kabisa, siku nilipofungua katika maktaba kitabu kiitwacho *Subway Art*, cha Martha Cooper na Henry Chalfant, kilichotolewa mwaka 1984. Ni kitabu cha picha za treni za New York. Maskati haina treni ya chini ya ardhi, na msomaji anaweza kuuliza mwamba wa Omani una uhusiano gani na mabehewa ya Bronx. Nitajitahidi kujibu, kwa kuwa ni treni zile zilizonifundisha namna ya kuitazama picha ya shangazi.

Wanaoandika historia ya grafiti, yaani maandishi na michoro inayofanywa hadharani bila ruhusa, kwa kawaida huanzia New York. Mwezi Julai 1971, mwaka uleule wa picha ya shangazi, gazeti la *New York Times* lilichapisha habari ya kijana aliyekuwa akiandika TAKI 183 kila mahali mjini: jina lake la utani na namba ya mtaa alikokaa. Hakuwa wa kwanza, lakini baada ya habari ile majina yalizidi kumiminika. Yalianza kwenye kuta za stesheni, yakaingia ndani ya mabehewa, kisha yakatoka nje na kukua. Kufikia mwisho wa muongo huo kijana mwenye makopo ya rangi ya kupuliza na usiku mmoja wa kazi aliweza kulifunika behewa zima, kutoka magurudumu hadi paa, kwa jina lake mwenyewe lililosukwa na kupindwa hata asiye mwenzao asiweze kulisoma. Asubuhi treni ilitoka uwanjani na kulitembeza jina hilo mji mzima. Vijana wale wengi walikuwa weusi na Wapuertoriko, pamoja na weupe wa mitaa ya wafanyakazi, na wengi wao hawakuwa na mahali pengine popote ambapo mji ungeyasoma majina yao.

Kazi hiyo ilikuwa na umri mfupi. Treni ingeweza kuoshwa kesho, au mwandishi mwingine angepaka juu yake wiki ijayo. Hapo ndipo kamera ilipoingia. Chalfant alikuwa mchongaji sanamu. Alisimama kwenye jukwaa la stesheni akisubiri treni isimame upande wa pili, na katika zile sekunde chache milango ilipokuwa wazi alitembea sambamba na behewa akipiga picha kadhaa zinazopishana, ambazo baadaye aliziunganisha ziwe picha moja ndefu ya ubavu mzima. Cooper alikuwa mpiga picha wa gazeti. Yeye alipenda kuiona treni ndani ya mji: alikaa kwa saa nyingi kwenye viwanja vitupu vya Bronx, chini ya reli, akingoja behewa lililopakwa lipite juu ya majengo yaliyoungua. Hiyo iliwezekana kwa sababu treni tunazoziita za chini ya ardhi, zikifika Bronx na sehemu za Brooklyn, hupanda na kupita juu ya nguzo, mbele ya madirisha ya watu. Ukiwa chini ya ardhi hupati picha ya maana. Huna nafasi ya kurudi nyuma, wala mwanga.

Cooper alikwenda mbali zaidi ya kungoja. Mwaka 1980 alimfuata usiku kijana aliyejulikana kwa jina la Dondi ndani ya uwanja wa treni, akampiga picha akiwa kazini, mguu mmoja behewa hili na mguu mwingine behewa la pili. Kwa hiyo tunao uso na mwili wa mwandishi pamoja na andiko lake. Na kwa kuwa vijana wenyewe waliwaamini wapiga picha hao, na walipita kwao kutazama picha na kuomba nakala, tunajua nani aliandika nini. Wachapishaji wa Marekani hawakuwa na hamu ya kitabu hicho; kilichapishwa na Thames & Hudson ya London. Tarehe 12 Mei 1989 mamlaka ya usafiri ya New York ilitangaza kwamba treni zake zote zimesafishwa. Kuanzia siku hiyo sanaa ile imebaki katika picha tu.

Sasa linganisha. Kule New York mtu aliandika jina lake mwenyewe juu ya chombo cha serikali. Maskati mtu aliandika jina la chombo cha serikali yake juu ya mwamba wa watu wengine, na lake mwenyewe hakuliandika. Kijana wa Bronx alikimbizwa na polisi na mbwa. Baharia wa manowari alishushwa na mkubwa wake na kupewa rangi kutoka ghala la meli. Mmoja alitaka andiko litembee ili lisomwe na waliokaa. Mwingine alitaka likae ili lisomwe na wapitao, hasa na manowari itakayofuata. Wasomaji wa kitabu cha wageni cha Maskati walikuwa wageni wenyewe.

Kamera nazo zilikuwa tofauti. Mpiga picha wa New York alikuwa mtu wa nje aliyelazimika kuomba kuaminiwa. Wa Maskati, kwa sehemu kubwa, alikuwa ametoka katika meli ileile iliyoleta rangi, au katika ubalozi mdogo wa Waingereza uliokuwa ukingoni mwa ghuba hiyohiyo. Rangi na lenzi zilikuwa za bwana mmoja. Katika picha za zamani za bandari nilizopata kuziona, maelezo ya chini hutaja ngome, hutaja meli, na mara nyingi hutaja mwezi na mwaka. Mashua ya wapiga makasia iliyo katikati ya picha, ambayo bila shaka ndiyo iliyompeleka mpiga picha mahali pake, haitajwi.

Hapa sina budi kutoka kidogo bandarini na kutaja kisa ambacho wasomaji wengi wa historia ya Zanzibar wanakifahamu. Mwaka 1868 manowari Daphne, chini ya nahodha George Sulivan, ilikuwa ikiyawinda majahazi ya watumwa katika maji ya Afrika Mashariki. Ndani yake zilipigwa picha za watu waliotolewa majahazini, na picha hizo zipo hadi leo katika nyaraka za serikali ya Uingereza. Mwaka 1873 Sulivan alitoa kitabu juu ya kazi hiyo. Mwaka huohuo Sayyid Turki aliwekeana mkataba na Waingereza mjini Maskati, na Sayyid Barghash akatia saini wake Zanzibar tarehe 5 Juni, biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ikapigwa marufuku. Katika picha za Daphne tunalijua jina la meli. Tunalijua jina la nahodha. Watu waliokaa sitahani, wengine watoto ambao mbavu zao zinahesabika, wametambulishwa kwa hali yao tu.

Ni rahisi kuishia hapo na kuilaumu manowari. Mimi ni mzawa wa upande wa pili wa habari hiyo, kama walivyo wengi wa wasomaji wa makala haya walioko Omani na Ulaya, na sioni namna ya kuukwepa ukweli kwamba majahazi yale yalikuwa ya kwetu. Manahodha walijua idadi ya watu waliowapakia. Walijua bei. Majina hawakuyaandika, au waliyabadili siku ya kuuza. Kama tunataka kulalamika kwamba jabali la Maskati linataja vyombo na kuwasahau watu, tuanze kwa kukubali kwamba daftari zetu nazo zilifanya hivyo.

Majahazi yenyewe hayakuacha jina juu ya majabali. Utambulisho wa jahazi ulikuwa bendera na cheti, na hata hivyo viliweza kuleta ugomvi wa dola kubwa: mwaka 1905 mahakama ya usuluhishi ya The Hague ilikaa kuamua kama wenye majahazi wa Omani, hasa wa Sur, walikuwa na haki ya kupeperusha bendera ya Ufaransa, ambayo iliwakinga na upekuzi wa Waingereza. Kesi ile imo katika vitabu vya sheria ya kimataifa. Lakini nahodha wa Sur aliyeingia Maskati msimu baada ya msimu, akaondoka na kaskazi kwenda Zanzibar na kurudi na kusi, maisha yake yote, hakuona haja ya kupaka jina la chombo chake juu ya jiwe. Watu wa bandari walilitambua jahazi lake kwa umbo la tezi na mkato wa tanga kabla halijakaribia.

Pwani yetu nayo ina michoro yake ya vyombo, ya kale kuliko hii. Katika lipu za kuta za Kilwa, Songo Mnara na Gedi kuna michoro ya majahazi na mitepe iliyokwaruzwa kwa ncha ya kitu kikali. Peter na Margaret Garlake waliikusanya na kuieleza katika jarida la *Tanganyika Notes and Records* mwaka 1964, na ilikuwa kazi ya wakati wake, kwani lipu hubanduka na chokaa huliwa na unyevu. Mtu wa Kilwa alichora chombo, milingoti, kamba na tanga, na hakuandika jina. Baharia wa Maskati aliandika jina na hakuchora chombo. Wa karibu zaidi na vijana wa New York ni wachoraji wa matatu wa Nairobi, ambao kanuni za waziri John Michuki za mwaka 2004, zilizoyataka magari yote yawe na mstari wa njano ubavuni, zilikusudia kuwanyamazisha, na hazikuweza. Hao wanastahili makala yao.

Kuna wakati Maskati na New York zilikutana ana kwa ana. Tarehe 30 Aprili 1840 merikebu Sultana ya Sayyid Said bin Sultan, iliyoondoka Maskati na kupitia Zanzibar, ilitia nanga New York, ikiongozwa na Ahmad bin Na'aman Al-Kaabi. Umati ulifurika bandarini kuwatazama mabaharia, na haukuwa na adabu kila mara. Serikali ya Marekani iliifanyia merikebu matengenezo kwa gharama yake, na baraza la mji likamlipa mchoraji Edward Mooney amchore Ahmad bin Na'aman kwa rangi za mafuta. Picha ya kiongozi wa msafara tunayo: kilemba, ndevu, macho ya mtu aliyechoka kutazamwa. Hiyo ndiyo heshima ambayo mji ulimpa mgeni wake, nayo ilimhusu mtu mmoja. Nikiitazama huwaza waliokuwa wakikaza kamba na kusugua sitaha, watu wa Maskati na wa Unguja, waliotembea katika mitaa ileile miaka 130 kabla ya TAKI 183. Sidhani kama wangepewa kopo la rangi wangeandika Sultana. Pengine wangeandika Juma.

Desturi ya Maskati ilikufa bila tangazo. Mwaka 1974 bandari mpya, Mina Qaboos, ilifunguliwa Mutrah, na meli hazikuwa tena na sababu ya kutia nanga chini ya Al-Jalali. Kasri la Al-Alam limejengwa upya mbele ya ghuba, na nyuma yake, tangu 2016, ipo Makumbusho ya Taifa. Maskati ya leo ni mji ambao gari chafu linaweza kumletea mwenyewe faini, na kijana atakayepaka jina lake ukutani asitarajie kuambiwa kwamba ametia saini kitabu cha wageni. Majina ya manowari yameachwa yalipo, yanaliwa na jua na chumvi polepole. Ukitaka kuyaona vizuri, kodi mashua Bandar al-Rowdha asubuhi na mapema, kabla ukungu wa joto haujaanza. Nahodha atakuonyesha ngome, atakuonyesha pomboo kama wapo, na usipomwomba hatapunguza mwendo mbele ya majabali.

Mimi nilimwomba. Nilikuwa na nakala ya picha ya shangazi mkononi, nikijaribu kulinganisha mikunjo ya jiwe lililo nyuma ya bega lake na mikunjo iliyokuwa mbele yangu. Kwa mtaalamu wa manowari kazi hiyo ingekuwa nyepesi: herufi mbili za mwisho, orodha ya meli zilizohudumu katika Ghuba, na jina lingepatikana. Lingekuja na mwaka wa kuundwa, idadi ya mizinga, na majina ya makamanda wote kwa mpangilio. Nilipiga picha kadhaa zinazopishana, kama Chalfant, mashua ikiyumba, nikarudi pwani nikiwa na hakika kwamba nimelipata jabali lenyewe. Sehemu iliyokuwa imeandikwa sasa ina weupe hafifu tu, kama chumvi iliyokauka.

Jioni nilimpelekea shangazi simu na picha ya zamani, nikaziweka pamoja mapajani pake. Ana zaidi ya miaka themanini na bado anasema Kiswahili cha Kibokoni, Kiarabu akikitumia kwa wauguzi na wajukuu. Nikamweleza habari za manowari, za desturi, za Sultani na kitabu chake. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akaishika ile ya karatasi, akaisogeza karibu na jicho, akaweka ukucha kwenye pembe ya chini kulia, mahali ambapo kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimeona kivuli tu. Ni mkono wa mtu umeshika kasia, umekatwa kwenye kiwiko.

"Na huyu?" akaniuliza. "Huyu ndiye aliyetupokea mizigo, akatwambia kwa Kiswahili tusiogope, maji ya huku ni yaleyale. Akanambia na jina lake. Mwanangu, kalete kalamu."

Nikaenda kuleta kalamu. Niliporudi alikuwa bado anaitazama picha, midomo ikimchezacheza, akilitafuta.